Masjala Isiyo na Ufunguo: Historia Fupi ya Barua Pepe na Kumbukumbu za Taasisi Zetu

Anayetoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dar es Salaam hufika Bigwa kabla hajauacha mji. Hapo huchepuka barabara nyingine kuelekea kusini, ikiizunguka Milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Matombo ndipo ambapo mwezi Julai 1955 wananchi waliochoshwa na amri ya kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao walikabiliana na askari wa serikali ya kikoloni. Mtu mmoja alipoteza maisha, na baada ya hapo mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru haukuweza kusimama tena.

Habari hizo tunazijua kwa njia mbili: masimulizi ya wazee na maandishi yaliyohifadhiwa. Maofisa wa wilaya waliandikiana na wakubwa wao, mabwana shamba wakapeleka taarifa, na karatasi hizo zikafungwa katika majalada. Ndiyo maana Roland Young na Henry Fosbrooke waliweza kutoa kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, na Pamela Maack akaweza kulirudia suala la matuta katika kitabu cha mwaka 1996 ambacho marehemu Profesa Isaria Kimambo alikuwa mmoja wa wahariri wake. Walioandika barua za awali hawakuwa na nia ya kututendea hisani. Walikuwa wakitimiza kazi ya ofisi, na kazi ya ofisi wakati ule ilikuwa na masjala.

Sasa tuchukue tukio la karibu zaidi. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru iliunganishwa na kutangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Mwanahistoria wa mwaka 2060 atakayetaka kujua nani alishauri nini, nani alipinga na wanavijiji walisikilizwa kwa kiasi gani, atalikuta tangazo katika Gazeti la Serikali. Huenda atakuta ramani na mihtasari ya vikao pia. Lakini kufikia mwaka huo sehemu kubwa ya mazungumzo ya kikazi nchini, baina ya ofisi na ofisi, wataalamu na wafadhili, ilikuwa imekwisha kuhamia katika barua pepe. Barua hizo atazitafuta katika kabati gani?

Hoja ya makala hii ni kwamba jibu linategemea jambo ambalo wengi huliona dogo, la kumwachia fundi wa kompyuta: je, ofisi ilizisoma barua zake ndani ya kivinjari tu, au iliweka programu ya barua pepe katika kompyuta yake, ikazichukua na kuzitunza? Suala hili lina historia, na historia hiyo inatuhusu.

Sanduku la posta na masjala

Nchi yetu haikuwahi kuwa na desturi pana ya tarishi anayegonga hodi nyumbani kwa kila raia. Tulirithi mfumo wa sanduku la posta. Shule, misheni, chuo au kiwanda kilikodi sanduku mjini, kikapewa namba na ufunguo, na mtu akatumwa kila siku au kila juma kwenda kulifungua. Taasisi za Bigwa, iwe Chuo cha Maendeleo ya Wananchi au shule za jirani, zilifikiwa kwa utaratibu huo kama taasisi nyingine zote za Tanzania.

Utaratibu ule ulikuwa na hatua mbili, na hatua ya pili ndiyo iliyojenga kumbukumbu. Barua ikishafika ofisini ilipitia masjala. Karani aliigonga muhuri wa tarehe, akaiandika katika rejista, akaipa namba ya folio na kuifunga katika jalada linalohusika. Posta ilikuwa mahali pa kupitia tu. Hakuna mkuu wa shule aliyewahi kudhani kwamba barua zake za miaka kumi zitakaa salama ndani ya sanduku la posta. Ndiyo maana Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1994, Posta ikaenda upande mmoja na Kampuni ya Simu upande mwingine, hakuna taasisi iliyopoteza barua zake za miaka ya 1970 kwa sababu ya mgawanyo huo. Barua zilikuwa kwa wenyewe.

Barua pepe za mwanzo zilikuja nyumbani

Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao mwaka 1971, huko Marekani, alama ya @ ilipata kazi mpya. Mwaka 1982 ukatolewa utaratibu wa kupeleka barua kati ya kompyuta, uitwao SMTP. Mwaka 1984 ukafuata utaratibu wa kuzichukua, uitwao POP, yaani itifaki ya posta, na toleo lake la tatu la mwaka 1988 ndilo linalotumika hadi leo. Jina lenyewe linatangaza ukoo wake. Seva ni sanduku la posta, na programu ya kompyuta ni mjumbe mwenye ufunguo. Huenda, hufungua, huchukua, hurudi. Programu za mwanzo zilizopata wafuasi wengi zilikuwa Eudora, iliyoandikwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, na Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand, iliyotoka mwaka 1990.

Tanzania iliingia katika mawasiliano haya kabla ya kuwa na intaneti kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasomi na madaktari wachache walitumia mitandao ya FidoNet na HealthNet. Mtumiaji aliandika barua zake zote kwanza, bila kuunganishwa popote. Kisha modemu ilipiga simu, ikapeleka zilizoandikwa, ikapokea zilizofika na kukata. Kila dakika ya simu ilikuwa na gharama, na laini zilikuwa dhaifu, kwa hiyo hapakuwa na namna ya mtu kukaa mtandaoni akisoma barua moja baada ya nyingine.

Ufukara ule wa mawasiliano ulileta faida ambayo haikukusudiwa. Kila barua iliyopokelewa ilikuwa ndani ya kompyuta ya aliyeipokea. Kikoa cha .tz kiliandikishwa Julai 1995, na katika miaka iliyofuata kampuni za intaneti, CyberTwiga ikiwa miongoni mwa za kwanza, zikaanza kuwauzia wateja huduma ya kuunganishwa kwa simu. Mteja wa wakati huo kwa kawaida alipewa anwani, nywila na jina la seva, na fundi akamwekea programu. Barua zilikuja nyumbani.

Enzi ya intaneti kafe

Tarehe 4 Julai 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith walizindua Hotmail. Mwaka uliofuata Yahoo nayo ikaanza huduma yake ya barua. Wazo lilikuwa jepesi na lenye nguvu: mtu hahitaji kompyuta yake, hahitaji programu, hahitaji mkataba na kampuni ya intaneti. Anahitaji kivinjari tu, popote alipo.

Kwetu wazo hilo lilikuwa ukombozi, na si haki kulidharau kwa kuwa leo tunaona hasara zake. Mwanafunzi aliyetoka kijijini, asiyeweza hata kuota kununua kompyuta, aliingia katika intaneti kafe pale mjini Morogoro, akalipia muda wake na kutoka akiwa na anwani inayosomeka dunia nzima. Vikundi vya wanaharakati vilipata sauti. Walimu waliomba ufadhili wa masomo bila kungoja stempu. Katika nchi ambayo umeme ulikatika mara kwa mara, na mgao wa mwaka 2006 wengi bado wanaukumbuka, kuwa na barua zako mahali fulani mbali palipo na umeme wakati wote kulikuwa jambo la busara.

Lakini ulegevu ukaanza hapo. Tulizoea kuzisomea barua zetu posta, tumesimama kaunta, kisha tukaziacha palepale na kwenda zetu. Posta yenyewe ilikuwa finyu. Hotmail ilianza na nafasi ya megabaiti 2 kwa kila akaunti, pungufu ya picha moja ya simu ya leo. Ilipojaa, barua mpya zilikataliwa, na mwenye akaunti akalazimika kufuta za zamani. Akaunti isiyofunguliwa kwa muda uliowekwa na kampuni iliondolewa pamoja na vilivyomo. Kwa njia hiyo barua za miaka ya mwisho ya karne ya ishirini na ya mwanzo wa hii zilipotea bila moto na bila mchwa.

Njia ya kuzileta barua hizo nyumbani nayo haikuwa wazi daima. Aprili 2002 Yahoo ilisitisha huduma ya bure ya kuchukua barua kwa programu, na aliyetaka kuendelea alitakiwa kulipa kwa mwaka, kwa kadi ya benki ambayo Watanzania wengi hawakuwa nayo. Baadhi ya watunzi wa programu huria walijibu kwa kutengeneza vijiprogramu vilivyojifanya seva ya POP huku vikizisoma kurasa za Yahoo kwa siri. Mambo yalibadilika Google ilipoanzisha Gmail Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 1, na mwishoni mwa mwaka huo ikaruhusu programu kuchukua barua bila malipo. Desemba ya mwaka huohuo toleo la kwanza kamili la Thunderbird, programu ya bure, lilitoka. Kuanzia hapo kisingizio cha gharama kilikwisha. Mazoea, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Akaunti ni ya nani?

Angalia mabango ya taasisi katika barabara zetu na vichwa vya barua zao. Chini ya namba ya S.L.P. utaona anwani inayoishia kwa yahoo.com au gmail.com. Sanduku la posta limeandikishwa kwa jina la taasisi, na mkuu akihama ufunguo hukabidhiwa kwa anayeingia. Akaunti ile mara nyingi ilifunguliwa na mtu mmoja, pengine katibu muhtasi au mhasibu kijana aliyejua kompyuta, kwa jina lake, kwa tarehe yake ya kuzaliwa na kwa namba yake ya simu. Anapostaafu, kuhama au kufariki, nywila huondoka naye. Kampuni iliyoko ng'ambo haimjui mkuu wa shule wala mwenyekiti wa ushirika. Inamjua aliyebonyeza kitufe cha kukubali masharti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa katika nyumba ambayo hatuna mkataba nayo wa kueleweka. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Yahoo ilikiri kwamba uvamizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3. Kampuni hizi hazikutudanganya, kwani hazikuahidi kuwa nyaraka zetu za taifa. Tulizipa kazi ambayo hatukuwahi kumpa bwana posta.

Serikali ililiona tatizo hili. Wakala ya Serikali Mtandao ilizinduliwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Mfumo wa barua pepe serikalini uliojengwa na chombo hicho uliwaondoa watumishi wengi katika anwani za kampuni binafsi na kuwaweka katika anwani za .go.tz. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inazitaka taasisi za umma kutunza kumbukumbu zao ipasavyo, na mtumishi mwenye busara hawezi kudai kwamba uamuzi wa ofisi unakoma kuwa kumbukumbu kwa sababu umeandikwa kwa barua pepe badala ya karatasi.

Hata hivyo maisha ya umma ni mapana kuliko serikali. Ziko shule binafsi, seminari, vyama vya akiba na mikopo, jumuiya za watumia maji, asasi za kiraia na vikundi vya wakulima katika miteremko ya Uluguru. Migogoro ya ardhi, mikataba ya maji na ahadi za wafadhili hupita kwao. Hao ndio wasio na masjala ya kielektroniki ya mtu yeyote.

Kuzileta barua nyumbani

Kwa kuwa makala za historia hulaumiwa kwa kuacha msomaji bila la kufanya, nieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Programu kama Thunderbird ikishawekwa katika kompyuta, huuliza jina, anwani na nywila, na kwa huduma kubwa huzitambua seva zenyewe. Isipozitambua, mtu huandika kwa mkono. Kwa Gmail seva ya kupokea ni imap.gmail.com, poti 993, na ya kutuma ni smtp.gmail.com, poti 465. Kwa Yahoo ni imap.mail.yahoo.com, poti 993, na smtp.mail.yahoo.com, poti 465. Zote hutumia njia iliyosimbwa ili barua isisomwe ikiwa safarini.

Wengi hukwama kwenye nywila. Siku hizi kampuni hizi hazikubali programu iingie kwa nywila ya kawaida pekee. Ama programu itafungua dirisha la kampuni yenyewe ili mtumiaji aidhinishe humo, ama mtumiaji ataunda katika mipangilio ya usalama nywila maalumu ya programu hiyo tu. Programu ya zamani isiyojua utaratibu huu itaambiwa nywila si sahihi hata kama ni sahihi.

Jambo la pili ni kuchagua kati ya POP na IMAP, na hapo ndipo suala la kumbukumbu linapoamuliwa. POP huzichukua barua, na isipoelekezwa vinginevyo inaweza kuzifuta katika seva. Ofisi ikibaki na nakala moja ndani ya kompyuta moja, radi ya masika au virusi vinaweza kumaliza historia ya miaka kumi kwa dakika. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin wa Stanford mwaka 1986, huziacha barua katika seva na kuionyesha kompyuta taswira yake. Hiyo ni nzuri kwa ofisi yenye watu watatu na simu tano. Lakini taswira hufuata asili. Barua ikifutwa kule, na huku hutoweka. Anayedhani IMAP pekee ni hifadhi anajidanganya.

Njia inayofaa ni kutumia IMAP kwa kazi za kila siku, kisha mara moja kwa mwezi kunakili barua za kikazi katika folda za ndani ya kompyuta, zile zisizounganishwa na seva, zikiwa zimepangwa kwa somo kama majalada yalivyopangwa. Folda hizo zinakiliwe tena katika diski ya nje inayofungiwa kabatini. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi folda katika mtindo uitwao mbox, ambao ni maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa hata programu yenyewe ikifa.

Wapo watakaosema kwamba seva za Google ni salama kuliko kompyuta iliyojaa vumbi katika ofisi ya kata. Wanasema kweli kwa upande wa mitambo. Hatari tuliyoieleza, hata hivyo, haikutokana na mitambo kuharibika. Ilitokana na mtu mmoja kuwa na nywila, sera ya kampuni kubadilika na sanduku kujaa. Nakala ya pili iliyo mikononi mwa taasisi inazikinga hatari hizo, na nakala ya kwanza kule mbali inakinga radi. Hakuna sababu ya kuchagua moja.

Kwa wanaharakati kuna sababu ya ziada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, na katika kuupima mahakama hutazama namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Karatasi iliyochapwa kutoka kivinjari huonyesha jina, tarehe na maneno. Ujumbe wenyewe ukihifadhiwa na programu hubeba pia kichwa chake kamili, chenye seva ulizopitia na saa ya kila kituo. Kikundi kinachodai kwamba kiliahidiwa fidia au maji, kikaja na ujumbe kamili, husimama imara kuliko kinachokuja na picha ya kioo cha simu. Wakati huohuo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba barua za watu zilizo katika uangalizi wetu si za kuachwa ovyo katika diski isiyo na ulinzi. Zifungiwe, na ajulikane nani ana ufunguo.

Kwa watumishi wa umma, basi, rai yangu ni kuitendea barua pepe kama folio: ipewe jalada. Kwa viongozi wa asasi na shule, akaunti iwe ya cheo, si ya mtu, na nywila iingie katika hati ya makabidhiano ya ofisi pamoja na funguo za kabati na mhuri. Kwa wanafunzi wa historia, kazi ya masomo ya uwandani isiishie kwa wazee na Nyaraka za Taifa. Nendeni katika ofisi ndogo zilizo kandokando ya barabara ya Kisaki, ulizeni kompyuta za zamani ziko wapi na ndani yake mna programu gani ya barua. Baadhi ya diski hizo bado zipo stoo, na kila mwaka unaopita zinapungua zinazoweza kuwaka. Na kabla ya kwenda huko, kila mmoja wetu ajiulize kuhusu ofisi yake mwenyewe: ile akaunti tunayoitumia ilifunguliwa kwa jina la nani?